Kompyuta inazima yenyewe ikipata joto: pima kwanza, kununua baadaye

Swali: Kompyuta yangu ya mezani ina miaka 4. Nikicheza gemu au nikihariri video, huzima ghafla baada ya dakika 20 hivi, bila onyo wala ujumbe wowote. Nikiiwasha papo hapo hukaa dakika 3 tu, inazima tena. Nimeshaifungua nikapuliza vumbi, nikaongeza feni moja mbele ya kasha, lakini hali ni ile ile. Fundi ameniambia prosesa imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje?

Jibu: Prosesa usinunue. Prosesa iliyoharibika kwa kawaida haiwashi kompyuta kabisa, au huiangusha ovyo ovyo hata ukiwa unaandika barua tu. Ya kwako inabeba kazi nzito dakika 20 nzima, kisha inazimwa. Shika neno hilo: inazimwa. Kuna kitu humo ndani kinachoona hatari na kukata umeme kwa makusudi. Kazi iliyopo ni kujua ni kipi, na kimeona nini.

Ule mfuatano wa dakika 20 kisha dakika 3 ni ushahidi mzuri sana. Sufuria iliyokwisha kuchemka haikawii kuchemka tena, na chuma cha kompyuta ni vivyo hivyo: bado kimehifadhi joto la awamu ya kwanza. Hakikisha kwa jaribio lisilogharimu kitu. Ikizima, ichomoe kwenye umeme, iache saa nzima, kisha uiwashe na kurudia kazi ile ile. Ikikaa tena dakika 20, ni joto. Ikizima baada ya dakika 2 ingawa imepoa kabisa, sababu inaelekea kuwa nyingine, na pawasaplai (kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Ila hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wakishajua ni joto, wanarukia prosesa, kumbe sehemu nne zinaweza kuleta dalili hiyo hiyo: prosesa yenyewe, kadi ya michoro, zile saketi za kurekebisha umeme zilizopangwa kando ya prosesa kwenye ubao mama (ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote), na pawasaplai, ambayo mara nyingi ina ulinzi wake wa ndani dhidi ya joto. Kwa nje zote zinafanana: skrini inakuwa nyeusi, feni zinasimama, kimya. Ndiyo maana kupima hakukwepeki.

Prosesa haizimi mara tu inapopata moto. Kwanza hujipunguzia kasi. Prosesa nyingi za Intel huanza kujizuia zikifika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi; za AMD, kikomo kwa nyingi ni kati ya nyuzi 90 na 95, na zile za Ryzen 7000 zimebuniwa kufanya kazi hata kwenye nyuzi 95 zikibebeshwa mzigo wote. Kujizuia kukishindwa na joto likaendelea kupanda, ndipo prosesa hutoa ishara ya dharura na ubao mama hukata umeme mara moja. Kwa hiyo kama mkosaji ni prosesa, kabla ya kuzima lazima kulikuwa na kipindi cha kukwama: gemu linasuasua, video inachukua muda kuliko kawaida. Kumbuka vizuri. Kama kila kitu kilikuwa kikienda kwa kasi ile ile mpaka sekunde ya mwisho, prosesa inaanza kuonekana haina hatia.

Ukitazama kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta tukio la Kernel-Power lenye namba 41, na watu hulichukulia kama jina la ugonjwa. Siyo. Linasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Kitu kimoja cha manufaa kimo ndani yake: fungua maelezo ya tukio, tafuta BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikuanguka kwa kosa lake lenyewe ambalo iliweza kuliandika. Umeme ulikatika chini yake. Ikiwa ni namba nyingine, ulipata skrini ya bluu hata kama hukuiona, na unapaswa kufuata njia nyingine: RAM, draiva, diski.

Sasa upimaji. Weka HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya kompyuta, ifungue katika hali ya vihisi pekee, na kabla ya kufanya chochote bonyeza kitufe cha kuhifadhi kumbukumbu kwenye faili. Hiyo ndiyo siri ya kazi yote, kwa sababu kompyuta ikizima namba za kwenye skrini zinapotea, lakini faili linabaki na takriban kila kilichotokea mpaka sekunde chache kabla ya kukatika. Kwenye Linux, programu ya lm-sensors itakupa namba za joto na za feni kwa amri ya sensors, nawe uzielekeze kwenye faili kila baada ya sekunde 2. Fuatilia safu tano: joto la prosesa (kwa Intel ni CPU Package, kwa AMD ni Tctl/Tdie), joto la kadi ya michoro pamoja na lile la sehemu yake yenye moto zaidi, joto la saketi za umeme za ubao mama kama kihisi chake kipo, mizunguko ya feni ya prosesa kwa dakika, na kasi ya prosesa. Iache kompyuta bila kazi dakika 10, kisha anzisha gemu lako au video yako, uiache izime.

Ukiwasha tena, fungua faili na utazame umbo la mpando, siyo namba ya juu tu.

Joto likiruka kutoka nyuzi 40 hadi 90 na ushee ndani ya sekunde chache tu za mzigo, joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye kipozajoto, kile chuma chenye mapezi na feni kilichokaa juu yake. Mguso ni mbovu. Gusa mapezi ya kipozajoto wakati huo, mbali na feni: yatakuwa vuguvugu tu huku namba zikisema moto. Ushahidi kamili ndio huo. Kama unatumia mfumo wa kupoza kwa maji, umbo hili hili linaweza kumaanisha pampu imesimama. Ukishika mabomba mawili, moja litakuwa la moto na jingine baridi, au kisanduku cha pampu hakitoi hata mtetemo mdogo kwenye kidole.

Joto likipanda polepole, nyuzi moja moja kwa dakika 10 au 15, mguso ni mzuri ila hewa ya moto haiondoki. Hapo tunazungumzia vumbi, feni dhaifu, au mzunguko wa hewa wa kasha.

Prosesa ikiwa nyuzi 70 na kadi ya michoro nyuzi 75 wakati umeme unakatika, waache wote wawili. Aliyezima ni pawasaplai, au saketi za umeme za ubao mama.

Kwa jinsi ulivyoeleza, dakika 20, natarajia uone umbo la pili au la tatu. La kwanza kwa kawaida huonekana ndani ya dakika moja. Lakini pesti ya joto (ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipozajoto) iliyokauka nusu, baada ya miaka 4, inaweza kuchanganya la kwanza na la pili, kwa hiyo usishangae ukipata mchanganyiko.

Kuna jaribio moja la haraka kabla hujashika bisibisi. Ondoa ubavu wa kasha, rudia kazi ile ile, linganisha namba. Joto likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, tatizo ni hewa ya ndani ya kasha. Likishuka kwa nyuzi 2 au 3 tu, kasha halina kosa. Rudi kwenye kipozajoto. Ubavu wazi ni wa kupimia tu, usiuache hivyo.

Kuhusu vumbi ulilopuliza: lilienda wapi? Kipozajoto cha prosesa kina feni juu au ubavuni, na chini yake mapezi membamba ya alumini. Vumbi hujikusanya pale feni inapokutana na mapezi, likashikana na nyuzi za nguo na nywele mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Ukipuliza kutoka nje, kipande hicho kinajikunja kidogo na kurudi palepale, na kwa juu feni inaonekana safi kabisa. Dawa ni kuitoa feni yenyewe juu ya kipozajoto (mara nyingi ni skrubu 4 au vibanio 2 vya waya) na kukiondoa kile kipande kwa mkono au brashi laini, kisha kupuliza mapezi kutoka upande wa pili. Unapopuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Feni ikizungushwa kwa kasi na upepo, beringi zake zinaumia, nayo inaweza kurudisha umeme kwenye ubao mama. Kopo la hewa lishike wima. Ukiliinamisha linatema kimiminika baridi.

Mahali pa pili panaposahaulika ni chini ya pawasaplai. Kwenye makasha mengi ya kisasa inakaa chini, feni yake imetazama sakafu, na kati yake na sakafu kuna chujio jembamba ambalo huchomolewa kwa nyuma kama droo. Watu wanafungua ubavu, wanasafisha kila kitu, na chujio hilo halijaguswa tangu siku ya kwanza. Kama kompyuta imekaa juu ya zulia, hali ni mbaya zaidi: pawasaplai inavuta nyuzi za zulia. Iinue juu ya kitu kigumu.

Feni uliyoongeza mbele nayo ikaguliwe. Hewa inapaswa kuingia mbele na kutoka nyuma na juu. Feni nyingi zinapuliza kuelekea upande wenye ile fremu ya miguu minne inayoshika mota, na nyingine zina mshale kwenye ukingo. Usikisie. Chukua kipande cha karatasi nyepesi, kisogeze mbele ya kasha kompyuta ikiwa inafanya kazi: kinapaswa kunaswa kwenye wavu. Kipeleke nyuma: kinapaswa kusukumwa. Kikisukumwa pande zote mbili, feni mpya umeifunga kinyume, na badala ya kusaidia inagombania hewa ile ile na ya nyuma.

Sasa kama faili limeonyesha mguso mbovu, au kama usafi haukutosha, pesti lazima ibadilishwe. Ni kazi ya dakika 40, na makosa yake yanajulikana.

Washa kompyuta dakika 5 hadi 10 ili pesti ya zamani ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Chomoa waya wa feni ya prosesa. Kama una prosesa ya AMD ya soketi (tundu inamokaa prosesa) AM4, kipozajoto usikivute juu moja kwa moja hata kidogo. Kizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka ukisikie kimeachia. Prosesa hizo zina pini chini yake, na pesti kavu inaweza kuing'oa prosesa yote pamoja na kipozajoto huku soketi ikiwa bado imefungwa. Pini zikipinda, sasa ndipo utahitaji prosesa mpya kweli. Kwa Intel yenye kipozajoto cha kiwandani, geuza vichwa vya misumari minne ya plastiki kufuata mshale, kisha uivute juu.

Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usikwangue kwa kisu. Iache ikauke dakika 2. Tazama pia chini ya kipozajoto: wakati mwingine ile filamu ya plastiki ya kiwandani haikuondolewa, na kompyuta imeteseka hivyo tangu iliponunuliwa.

Kiasi cha pesti ni tone moja katikati, ukubwa wa punje ya njegere ndogo, milimita 4 hadi 5. Kwa prosesa ndefu za Intel za soketi LGA1700, weka mstari au alama ya X nyembamba ili pembe zifikiwe. Usiisambaze kwa kidole. Uzito wa kipozajoto utaisambaza. Pesti kidogo mno huacha pembe kavu. Ikizidi kidogo inatoka pembeni tu, na kama haina metali haina madhara makubwa. Dawa ya meno, ambayo bado inapendekezwa huku na huku, ina maji. Inakauka upesi na kuacha chokaa. Metali ya kimiminika nayo iache, kwa kuwa inakula alumini na inapitisha umeme.

Kukaza ni kwa mshazari: skrubu ya pembe moja mizunguko miwili, kisha ya pembe inayoikabili, mpaka zote zikaze sawa. Kwa misumari ya plastiki ya Intel, kwanza rudisha vichwa kwenye mkao wao wa awali, kisha sukuma mshazari mpaka usikie mlio wa kila mmoja, halafu, na hili ndilo muhimu kuliko yote, angalia nyuma ya ubao mama. Kwenye kila tundu, ncha nyeusi inapaswa kuwa imepenya katikati ya vijiguu vyeupe na kuvitanua. Msumari mmoja ukiwa haujapenya, upande mmoja wa kipozajoto unaelea kwa upana wa unywele, na huo unatosha kabisa kuleta nyuzi 100. Ukitikisa kipozajoto kwa upole, ubao uende nacho. Kisicheze peke yake. Rudisha waya wa feni kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN, siyo lolote lililo karibu, la sivyo kasi ya feni haitafuata joto la prosesa.

Pima tena. Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo, kwa jaribio la Small FFTs ni mkali kuliko gemu lolote; dakika 15 zinatosha, na ukiona nyuzi 95 simamisha (isipokuwa kwa zile za Ryzen 7000). Kumbuka joto la chumba linaongezwa karibu moja kwa moja: kompyuta inayofika nyuzi 78 kwenye chumba cha nyuzi 22 itafika karibu 88 kwenye chumba cha nyuzi 32, na hilo siyo kosa la kazi yako. Kwenye gemu, nyuzi 65 hadi 85 ni hali ya kawaida kwa prosesa nyingi.

Prosesa ikifaulu Prime95 lakini gemu bado linazima, geukia kadi ya michoro. Iendeshe FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo, dakika 10 ukiitazama. Feni zake kusimama wakati hakuna kazi ni kawaida kwa kadi nyingi, lakini zianze kuzunguka joto likikaribia nyuzi 60. Tofauti kati ya joto la kawaida la chipu na la sehemu yake yenye moto zaidi ikipita nyuzi 25, pesti ya kadi imechoka. Kuifungua kadi ni kazi ngumu kuliko ya prosesa, kwa sababu ina vipande laini vya kupitisha joto vyenye unene maalumu juu ya chipu za kumbukumbu, na ukiweka vya unene tofauti chipu kuu haigusi tena kipozajoto. Kama hujui unene wake, mpe fundi.

Na zote mbili zikifaulu kila moja peke yake, lakini ukiziendesha pamoja umeme unakatika? Hapo ni pawasaplai. Pengine imezeeka, wati zake hazitoshi, au feni yake imekufa. Usiifungue kamwe, kapasita zake huhifadhi umeme wa hatari hata ikiwa imechomolewa. Jaribio la haki ni kuazima nyingine yenye wati za kutosha na kuona kama tatizo linaisha.

Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna kiwango cha juu cha matumizi ya prosesa. Ukikiweka asilimia 99 badala ya 100, prosesa kwa kawaida haipandi tena kwenye kasi yake ya ziada, na joto hushuka kwa kiasi kikubwa. Ni njia nzuri ya kumalizia kazi yako ya leo bila kupoteza faili. Usiitumie kama kipimo, maana inapunguza joto na mahitaji ya umeme kwa pamoja. Ikitulia hutajua ni prosesa iliyopona au pawasaplai iliyopumzishwa. Vilevile tazama Task Manager kompyuta ikiwa haina kazi. Prosesa ikishughulika kwa asilimia 40 bila wewe kufanya lolote, na mzigo ukashuka mara tu unapofungua Task Manager, ichunguze kwa programu ya kuzuia virusi: zipo programu haramu za kuchimba sarafu za kidijitali zinazojificha hivyo.

Anza leo na faili la kumbukumbu. Hifadhi kazi zako kila baada ya dakika chache mpaka tatizo liishe, kwa sababu kinachoharibika haraka umeme unapokatika ghafla ni data iliyokuwa inaandikwa wakati huo. Ukienda tena kwa fundi, nenda na faili hilo, umwonyeshe mstari wa mwisho kabla ya kuzima. Kama mstari huo unasema prosesa nyuzi 68, muulize kwa nini anataka kuibadilisha.